Kabla Hujafungua Pampu, Panda Juu ya Mzigo

Mtu akikuletea pikapu ya dizeli na kukwambia, "Fundi, niongezee nguvu," usishike spana. Wala usifungue hiyo kompyuta yako. Muulize kwanza inavuta nini, inavutia wapi, na mzigo anapakia nani. Akikasirika akasema hayo hayakuhusu, mwache aende kwa mwingine, na wewe kanywe chai yako. Nawaambia ninyi vijana mnaokuja kukaa kwenye benchi langu hapa Bariadi na kunionyesha kwenye simu jinsi mnavyochagua mapu za injini, hizo programu za kuipimia mafuta, steji ya kwanza, steji ya pili, kama mtu anayechagua kitambaa cha suruali. Kompyuta ni nzuri, nisiseme uongo. Ila mnachagua kabla ya kuuliza, na hilo linanikera toka moyoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa pampu. Siyo za maji, ingawa mama mmoja aliwahi kuniletea ya kisima na akanuna niliporudisha. Nasema pampu ya dizeli, ile inayopima mafuta na kuyasukuma kwenye nozeli. Ubavuni mwake kuna skrubu ndogo ambayo kiwandani wanaifunga kwa waya na lakiri ili wajuaji wasiiguse. Ukiizungusha kuingia ndani, injini inakunywa zaidi na inavuta zaidi. Ndiyo iliyokuwa kompyuta yetu. Ilikuwa haina steji wala rangi za kupendeza kwenye kioo, ilikuwa na bisibisi na mkono wa mtu, na mkono ukiteleza kidogo tu umemuua mwenzio kiuchumi.

Aliyenifundisha ni Fundi Saidi, mtu wa Tabora, mfupi, mkali, na mdomo wake haukuwa na breki. Tulikuwa wote gereji ya ushirika, enzi ambazo pamba yote ya huku inanunuliwa na ushirika na kubebwa na malori ya ushirika, na kipuri unakisubiri mpaka unasahau ulikuwa unakisubiri cha gari gani. Gasketi tulikata wenyewe kwa karatasi ngumu. Saidi alikuwa na desturi moja ambayo madereva walimcheka nayo. Akitaka kupima pampu, hakai mbele na dereva. Anapanda nyuma, juu kabisa ya mzigo, anashika kamba kwa mkono mmoja, macho kwenye ekzosi. Lori likipanda mlima anaangalia moshi. Akiiona barabara kupitia kwenye moshi, pampu iko sawa. Moshi ukiziba barabara, anagonga bodi kwa ngumi, dereva anasimama, skrubu inarudishwa nyuma pale pale njiani. Tulirudi naye gereji akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asipimie gereji kama mafundi wengine, akaniambia pampu haipimwi gari likiwa na njaa. Alikuwa anamaanisha likiwa tupu. Gari tupu linakudanganya, linakimbia vizuri, linaguruma vizuri, kila mtu anafurahi. Lipe mzigo ndio utalijua. Basi nikalishika hilo. Na mimi nikawa napanda juu ya mizigo mpaka magoti yalipokataa.

Halafu soko likafunguliwa. Ninyi hamkuona, mlikuwa bado hamjazaliwa au mlikuwa mnanyonya. Wanunuzi binafsi waliingia na mizani zao, kila mmoja anataka pamba yake ifike kiwandani kabla ya mwenzake. Sisi wa gereji ya ushirika tukapunguzwa, mimi nikahamishia sanduku langu la vifaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Nilidhani nitakufa njaa. Kumbe ndio kwanza kazi ilikuwa inaanza, maana zilikuja pikapu. Zilikuja za Kijapani zilizotumika, zinashushwa Dar, zinafika huku zikiwa bado na stika za herufi ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Watu waliuza ng'ombe wakanunua pikapu. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea tela kwa ekseli ya lori bovu, unalifunga nyuma, umeshakuwa msafirishaji. Na kila msafirishaji alikuja kwangu na neno lile lile moja, nguvu.

Walichokuwa wanataka hasa ilikuwa moshi. Ilikuwa imeingia imani kwamba gari lisilotoa moshi mweusi halina nguvu, na mnadani watu walisifia gari kwa moshi kama wanavyosifia dume kwa nundu. Alikuwepo dereva mmoja wa Nyashimo, nilimwita Mjomba kwa utani. Alikuja kutaka moshi, nikamkatalia. Akaenda kwa mwingine, akazungushiwa skrubu mpaka mwisho, akawa anapita mjini giza linamfuata. Siku ya harusi fulani akapewa kazi ya kubeba kwaya kwenye tela. Kwaya imevaa mashati meupe, akina mama wamevaa vilemba vyeupe, na upepo wa ziwani siku hiyo ulikuwa unapulizia nyuma. Walipofika kanisani, mchungaji aliuliza kama hao ni wauza mkaa. Mjomba alikuja kwangu kesho yake, akafungua boneti na kunionyesha pampu kwa kidole. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini si wote walikuwa wa kuchekwa, na mmoja nataka mmjue vizuri.

Huyu aliitwa Masunga, wa upande wa Kiloleli. Pikapu yake ya kuvutia mizigo ililetwa kwangu ikiwa inavutwa. Kwanza ilivutwa na ng'ombe kutoka kijijini hadi barabara kuu, halafu lori likaifunga mnyororo likaifikisha Bariadi. Na hao ng'ombe walikuwa wa baba yake mdogo, anaitwa Maduhu, ambaye alihakikisha wanapita katikati ya senta mchana kweupe ili kila mtu aone mashine ya kisasa ikiburutwa na maksai. Masunga alinisimulia hayo huku anaangalia viatu vyake.

Nikafungua injini. Gasketi ya hedi imeungua, hedi yenyewe imepinda, pistoni mbili zimeanza kuliwa juu. Skrubu ya pampu ilikuwa imezungushwa mpaka imegota. Nikamuuliza nani kafanya hivi, akasema fundi wa njiani, na ni yeye mwenyewe aliyemwomba, kwa sababu gari lilikuwa halivuti. Basi nikakaa naye kwenye benchi, na habari yote ikatoka.

Ng'ombe waliouzwa kununua ile pikapu hawakuwa wake. Walikuwa wa ukoo, wa zizi moja la baba yake, Mzee Nkwabi, na wadogo zake Mzee Nkwabi. Baba aliwaomba wadogo zake wakubali, wakakubali kwa shingo upande, na Maduhu alikubali wa mwisho. Sasa baada ya ile aibu ya maksai, Maduhu alikuwa amesema neno. Wangekaa kikao Jumapili ya pili baada ya gari kutoka gereji. Kama halijatengemaa, linauzwa, na ng'ombe wanarudishwa zizini. Masunga alikuwa na mke na watoto, alikuwa amepata tenda kwa mnunuzi mmoja wa pamba, na nje ya pikapu ile hakuwa na kitu kingine chochote mkononi. Alinishika mkono akaniambia, "Fundi, ukiirudisha skrubu nyuma umeniua. Niachie nguvu."

Nilimhurumia. Lakini huruma haizuii pistoni kuyeyuka. Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi, na hili lishikeni, maana halijabadilika hata kwa kompyuta zenu. Gari la kuvuta halitaki nguvu ya juu, ile ya kukimbia. Linataka nguvu ya chini, ya kuondoka na kupanda taratibu, injini ikizunguka polepole bila kuhema. Ukilimwagia mafuta mengi likiwa na mzigo nyuma, yale yasiyoungua yanatoka moshi, na yanayoungua yanaleta moto ambao rejeta haiuwezi, kwa sababu mlimani gari linakwenda pole na upepo hauingii. Anayekimbia barabarani tupu anaweza kuongeza kidogo akapona. Anayevuta akiongeza vile vile, anapika injini yake. Kwa hiyo wa tela unampa kiasi cha kiwandani, pengine na kaunywele kamoja juu, basi. Nguvu nyingine unaitafuta mahali pengine, kwenye klachi, kwenye matairi, kwenye filta iliyoziba vumbi la pamba, na kwenye gia anazotumia dereva.

Nilipomuuliza gia ndio akasema jambo ambalo nusura linipite. Alisema anakwenda na gia ya pili njia nzima, kuanzia kijijini mpaka kiwandani. Nikamuuliza kwa nini asiweke ya tatu na barabara kuu ni tambarare. Akasema akiweka ya tatu tela linacheza, linampeleka huku na huku, anaogopa. Nikawaza matairi ya tela, nikawaza labda ekseli imepinda. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba hedi ikirudi kutoka kunyooshwa Mwanza nitaifunga, lakini skrubu siipangi hapa Bariadi. Nitaipanga kwao, na mzigo wao, kwenye njia yao.

Hakupenda, akakubali. Tukaenda.

Tulifika kwao asubuhi, na Mzee Nkwabi alikuwa anatusubiri. Mzee mrefu, mkavu, fimbo mkononi, mtaratibu wa maneno. Nilimwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akaitika, akaniuliza ya nyumbani na ya kazini na ya njiani kote, mhola, mhola duhu, salama, salama tu, mpaka tukamaliza wote wanaotuhusu, ndipo akasema tupakie. Kwenye gari lile kazi ya kupakia ilikuwa yake, hakumwachia mtu. Masunga aliniambia pembeni, kwa fahari kabisa, kwamba kata nzima hakuna mtu aliyejua kupakia mkokoteni wa ng'ombe kama baba yake. Walikuwa wanamwita mbali, anakwenda kuwapakilia watu mpunga na pamba, na mikokoteni yake haikuwahi kumwaga wala kumchubua ng'ombe.

Na kweli ilikuwa raha kumtazama. Magunia ya pamba iliyoshindiliwa kwa miguu, yale mazito, anaonyesha kwa fimbo, hili hapa, lile pale. Magunia malegevu mbele, mazito nyuma. Kila baada ya muda anashuka, anaenda mbele ya tela, anainua mti wa kulifungia kwenye pikapu kwa vidole viwili. Ukiwa mzito anatikisa kichwa, anaongeza gunia nyuma. Alipomaliza, ule mti uliinuka kwa vidole viwili kama unainua kikombe. Akatabasamu. Akapitisha kiganja kwenye bodi ya pikapu, taratibu, kama mtu anayepitisha kiganja kwenye mgongo wa mnyama, akaturuhusu twende.

Mimi nikapanda juu ya mzigo. Masunga aliniomba nikae mbele nikakataa, nikamwambia hiyo ndiyo kazi aliyonileta kufanya. Skrubu nilikuwa nimeirudisha kiasi cha kiwandani, moshi ulikuwa safi, naiona barabara vizuri. Lakini nikaona jambo jingine ambalo kutoka kwenye kiti cha mbele nisingeliona maisha yangu yote. Kila tukigonga tuta, mkia wa tela unashuka na pua inanyanyuka, na ikinyanyuka inainua matako ya pikapu. Springi za nyuma za pikapu zilikuwa zimenyooka kama gari tupu. Alipojaribu gia ya tatu, lile tela likaanza kutikisa kiuno, kushoto, kulia, na mimi huko juu nikashika kamba na kumtaja Mungu. Akarudi gia ya pili. Injini ikaanza kulia.

Tukafika mtoni. Mnaijua mito yetu wakati wa kiangazi, haina maji, ni mchanga mtupu. Pikapu ikaingia, matairi ya nyuma yakazunguka, yakachimba, yakakaa. Masunga akakanyaga mafuta, mchanga ukaruka, sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikagonga bodi kwa ngumi. Nikashuka, nikamwambia azime. Nikazunguka nyuma, nikachomoa pini ya tela.

Ule mti ukaruka juu, ukanikosa kidevu kidogo, na mkia wa tela ukaanguka mchangani kwa kishindo.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee alikuwa amelipakia tela kama mkokoteni. Mkokoteni wa ng'ombe unaupakia hivyo, mzigo urudi nyuma kidogo, nira iwe nyepesi shingoni. Ukiulemeza mbele, ng'ombe anachubuka, anafanya kidonda, msimu wote kaharibika. Aliyejali ng'ombe ndivyo alivyopakia, na Mzee Nkwabi alijali kuliko wote, ndiyo maana alizidisha. Lakini pikapu haina shingo ya kuchubuka. Inavuta kwa matairi ya nyuma, na matairi yasipolemewa hayashiki ardhi. Tena tela zito mkia ndilo linalocheza, ndilo lililomfunga Masunga kwenye gia ya pili, na hiyo gia ya pili ndiyo iliyomchemshia injini, na injini iliyochemka ndiyo iliyompeleka kwa fundi wa njiani kuomba nguvu. Injini ilikuwa inashtakiwa kwa kosa la upakiaji.

Tulihamisha magunia mazito, tukayaleta mbele ya ekseli kiasi, mpaka ule mti ukataka mikono miwili na mgongo kuuinua. Tukafunga. Pikapu ikatoka mchangani kwa gia ya kwanza, ikapanda ukingo, akaweka ya pili, akaweka ya tatu. Tela likafuata nyoofu. Huko juu mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Injini ikiwa na joto lake niliongeza kaunywele kale nilikosema, nikafunga nati, nikaweka waya. Kazi yangu ya pampu ikawa imeisha.

Masunga alisimama kando ya barabara, akawa hafurahi. Nikamwambia Jumapili atawaambia baba zake wadogo kwamba tatizo limepatikana, na gari halitauzwa. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Niwaambie nini, fundi? Kwamba mzee wangu ndiye aliyekuwa anaiua? Mbele ya wadogo zake, mbele ya Maduhu? Heri waliuze."

Nikamuuliza kesho itakuwaje, na keshokutwa, mzee akiendelea kupakia. Akasema atakuwa anasimama huku ng'ambo ya mto, anahamisha magunia, anaendelea na safari. Kila safari. Wala hakuwa anatania. Nilimpenda kijana yule siku ile, nawaambia ukweli, na nilitaka pia kumzaba kibao.

Nililala kwao. Asubuhi nikamfuata mzee zizini, peke yake, amesimama kati ya ng'ombe waliobaki. Masunga alinikataza kusema mbele ya kikao, hakunikataza kusema na baba yake. Nilizunguka sana kabla ya kufika, nikasifia ng'ombe, nikasifia mvua ya mwaka uliopita, mwisho nikasema. Nilimwambia gari ni kinyume cha maksai, linataka kulemewa kidogo nyuma kwake ili lishike ardhi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama nimewahi kufuga. Nikasema hapana, baba, nimekulia mjini. Akaniuliza kama nimewahi kumwona ng'ombe mwenye kidonda cha nira. Nikasema nimewaona kwa mbali. Akatikisa kichwa, akaenda kufungulia ndama, na mimi nikabaki pale na buti zangu kwenye mavi. Nilirudi Bariadi nikijua nimeharibu.

Jumapili ya kikao nikaitwa. Maduhu ndiye aliyetaka niwepo, maana alisema hataki maneno ya watu wasiojua mashine. Tulikaa uani, wazee kwenye vigoda, sisi wengine kwenye mkeka na magogo. Mzee Nkwabi kakaa katikati, mkubwa wao, fimbo kati ya magoti. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pale mbele yetu kama mshtakiwa. Maduhu alisema yake, na sikumlaumu hata kidogo. Alihesabu ng'ombe kwa majina na rangi zao, mmoja mmoja. Alikuwa na binti mgonjwa na alikuwa amezoea kujua kwamba zizini kuna kitu. Sasa mahali pa wale ng'ombe kuna chuma. Halafu akanigeukia.

"Fundi, wewe huna upande. Injini hii ni nzima au mbovu?"

Nikasema ni nzima.

"Ikiwa nzima, kwa nini ilikufa?"

Nilimwona Masunga ananitazama, anatikisa kichwa kidogo sana. Ningesema pampu ilifunguliwa kupita kiasi, na ingekuwa kweli, lakini wangeuliza kwa nini aliifungua, na Masunga ndiye angebeba. Na yeye alikuwa tayari kubeba. Nilianza kuguna kitu kuhusu joto la kiangazi, hata mimi mwenyewe sikuelewa nasema nini. Maduhu akasema, "Naam. Basi tuuze," na mzee mwingine akaitikia kwamba na iwe hivyo.

Mzee Nkwabi akagonga fimbo chini. Hakuigonga kwa nguvu.

"Injini haina kosa," alisema. "Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyekuwa napakia. Nililipakia kama ng'ombe. Nililihurumia shingo, kumbe nilikuwa nalinyonga. Fundi aliniambia nikamwona hana adabu. Jana nimelipakia alivyosema, nikakaa mbele na mtoto tukaenda mtoni. Limevuka kama hakuna mchanga."

Masunga aliinamisha uso kwenye magoti. Hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia mzee yule akisema amekosea, na kulisema mbele ya wadogo zake, kwa kazi ambayo ndiyo iliyompa jina, mimi mgeni niliona aibu kuwepo. Nilitazama chini. Nilikuwa nasubiri Maduhu amalizie, maana sasa alikuwa na fimbo ya kumpigia.

Maduhu akainuka, akavua koti lake zuri la Jumapili, akalitundika kwenye mlango wa pikapu. Magunia ya Jumatatu yalikuwa yamepangwa ukutani yakisubiri. Alikwenda akachagua lile lililoshindiliwa kuliko yote, akalibeba begani, akatembea nalo mpaka kwenye tela.

"Niweke wapi, kaka?"

Mzee Nkwabi akanyanyuka, akamwonyesha kwa fimbo.